Kasi na Matumizi ya Kila Siku: Namna ya Kulipima Gari Lenye Nguvu Kubwa Kabla ya Kulinunua

Barabara itokayo Tanga mjini kwenda Horohoro ina urefu wa kilomita 65. Ilijengwa kwa kiwango cha lami kwa ufadhili wa Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani, katika mpango uliotekelezwa kati ya mwaka 2008 na 2013. Anayekumbuka vumbi na tope la siku za nyuma hahitaji kuelezwa nafuu iliyoletwa na lami hiyo. Lakini barabara nzuri huzaa matamanio mapya. Katika Wilaya ya Mkinga, hasa miongoni mwa vijana wanaofanya biashara mpakani, gari linalotamaniwa siku hizi si lile linalobeba mzigo tu, bali lile linalonguruma.

Tunaanza na malalamiko ya kijana mmoja, ambaye jina lake na la aliyemuuzia tunayahifadhi. Alitoa sehemu kubwa ya mtaji wake wa duka kununua gari aliloambiwa kuwa ni Subaru Impreza WRX STI. Boneti ilikuwa na tundu la hewa, nyuma kulikuwa na bawa, na nembo za rangi ya waridi zilikuwa mahali pake. Ekzosi ilivuma kama inavyopaswa. Miezi mitatu baadaye fundi wa Tanga alifungua boneti kutafuta sababu ya gari kukosa nguvu, akamweleza kuwa injini iliyomo ni ya lita 1.5 isiyo na tabo, na kwamba gari lenyewe lilitoka kiwandani likiwa Impreza ya kawaida. Mkataba wake wa mauziano ulikuwa na maneno matatu tu kuhusu gari: “Subaru rangi bluu”. Duka likabaki na rafu tupu, na gari likabaki na bawa lake.

Hatukusudii kumkataza mtu kununua gari la kasi. Fedha ni zake na furaha ni yake. Tunachokusudia ni kumwonesha mlaji namna ya kujua anachouziwa, na namna ya kujiuliza kama kitamfaa Jumatatu asubuhi kama kilivyomfurahisha Jumamosi jioni.

Nguvu na kasi si kitu kimoja

Wamarekani wana magari wanayoyaita magari ya misuli: injini kubwa, mara nyingi ya silinda nane, ndani ya gari la milango miwili. Ford Mustang, iliyoanza kuuzwa mwaka 1964, ndiyo maarufu zaidi katika ukoo huo. Kwa miongo mingi kiwanda kiliitengeneza ikiwa na usukani wa kushoto tu. Toleo la mwaka 2015 ndilo la kwanza kutoka kiwandani na usukani wa kulia. Jambo hilo lina maana kwetu, kwa sababu Mustang zilizotumika Uingereza sasa zinaweza kuletwa Afrika Mashariki bila kukatwakatwa na fundi ili kuhamisha usukani. Toleo la GT la mwaka huo lina injini ya lita 5 na nguvu farasi zipatazo 420 hadi 435 kutegemea soko lilikouzwa, na kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa hutumia chini kidogo ya sekunde 5.

Kwa wengi wetu, hata hivyo, gari la nguvu linalopatikana ni la Kijapani. Impreza WRX STI ya miaka ya 2000 ina injini ya cc 1,994 tu, lakini kwa msaada wa tabo watengenezaji waliitangaza kuwa na nguvu farasi 280. Namba hiyo ilitokana na makubaliano ya watengenezaji wa Japani ya kutotangaza gari lenye nguvu zaidi ya 280, makubaliano yaliyodumu hadi mwaka 2004. Kwa hiyo msomaji asishangae kuona magari mengi ya Kijapani ya enzi hizo yakiwa na 280 ileile kwenye karatasi.

Sasa tuipime kasi hiyo kwenye barabara yetu. Tuseme kati ya kilomita 65, kilomita 20 hupita katika makazi kuanzia Amboni na Mabokweni hadi Duga Maforoni na kwingineko, ambako sheria inataka mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa. Hizo zitachukua dakika 24 kwa gari lolote, liwe Mustang au Noah. Zinabaki kilomita 45. Ukiziendea kwa kilomita 100 kwa saa utatumia dakika 27. Ukiziendea kwa 140 utatumia dakika 19 na kidogo. Nguvu farasi zote zile zimekupa dakika zisizofika nane, na hizo ukizitoa foleni ya malori mpakani huzimaliza kabla hujazima injini.

Upande wa pili wa hesabu ni breki. Kwenye lami kavu, gari lenye breki na tairi nzima, dereva akichukua sekunde moja kutambua hatari, husimama katika mita zipatazo 28 likiwa katika mwendo wa 50. Likiwa katika 100 linahitaji mita zipatazo 83. Likiwa katika 140 linahitaji karibu mita 147, yaani zaidi ya urefu wa kiwanja cha mpira. Mbuzi wa pale Duga hawajui umenunua gari gani.

Nguvu ina faida moja ya kweli katika safari zetu, nayo ni kulipita lori. Gari linaloongeza mwendo haraka hukaa muda mfupi upande usio wake. Faida hiyo inapotea kabisa ikiwa gari lina usukani wa kushoto, kama yalivyo mengi yanayotoka nchi za Ghuba, kwa kuwa dereva hulazimika kutoa nusu ya gari barabarani ndipo aone mbele, au amwulize abiria. Tumewasikia madereva wakisema wameshazoea. Abiria wao hawakusema hivyo.

Jaribio la siku ya kawaida

Muuzaji hukualika kulijaribu gari kwenye lami tupu asubuhi kukiwa na baridi. Ombi letu ni kwamba ulijaribu katika siku unayoishi. Andika kwenye karatasi safari zako za wiki moja iliyopita: nani alikaa ndani, mlibeba nini, mliacha lami wapi. Kisha uzirudie safari hizo kichwani ukiwa ndani ya gari unalotaka kulinunua, na zile zinazowezekana uzirudie kwa kweli.

Mpandishe mama au bibi kiti cha nyuma. Katika gari la milango miwili atalazimika kuinama, kupita nyuma ya kiti cha mbele kilichokunjwa, na kukaa magoti yakiwa karibu na kidevu. Fikiria usiku mnaompeleka mgonjwa Hospitali ya Bombo. Viti vya nyuma vya Mustang vina suala jingine pia. Euro NCAP, shirika la Ulaya linalopima usalama wa magari kwa kuyagongesha, liliipa Mustang nyota 2 kati ya 5 mwezi Januari 2017, na miongoni mwa sababu ni ulinzi hafifu wa abiria wa nyuma. Toleo lililorekebishwa lilipata nyota 3 baadaye mwaka huohuo. Muulize muuzaji gari lake ni la kabla au baada ya marekebisho hayo, nawe usikubali jibu la “yote ni sawa”.

Pima uvungu. Chukua rula au utepe wa fundi cherehani, upime kutoka ardhini hadi sehemu ya chini kabisa katikati ya gari, abiria wote wakiwa ndani. Gari la michezo lenye nafasi ya sentimita 13 au 14 likiwa tupu hushuka zaidi linapobeba watu wanne. Kisha nenda ukapime tuta la kijiji chako. Anayekaa Horohoro na kuishia Tanga mjini anaweza kuvumilia. Anayepaswa kwenda Maramba, au kushuka Moa wakati wa masika, atalipiga bampa la mbele wiki ya kwanza na sampo wiki ya pili.

Hapa wauzaji wana hadithi yao. Watakukumbusha kuwa Ian Duncan wa Kenya alishinda mashindano ya magari ya zamani ya East African Safari Classic mwaka 2009 akiendesha Mustang, tena katika barabara za vumbi. Ni kweli, alishinda. Ila gari lake lilikuwa limejengwa upya kwa ajili ya kazi hiyo: limenyanyuliwa, limefungwa shokapu za mashindano na bamba la kulinda uvungu, na nyuma yake kulikuwa na mafundi wenye gari la spea. Gari lililoko yadi halina hata kimoja kati ya hivyo.

Angalia tairi kwa makini kuliko rangi. Magari haya huvaa tairi pana zenye ukuta mfupi, na ukuta ukiwa mfupi shimo moja hupinda rimu. Baadhi yana tairi za nyuma pana kuliko za mbele, hivyo huwezi kuzibadilishana, wala tairi moja la akiba halikidhi pande zote. Mengine hayana tairi la akiba kabisa. Fungua buti uone. Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne za mwisho zinazoonesha wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzuri lakini lenye umri wa miaka minane si la kuliamini katika mwendo wa 120 kwenye joto la Pwani. Kabla ya kulipia gari, tembelea maduka mawili ya tairi Tanga uulize kipimo hicho kama kipo. Ukiambiwa “tutaagiza Dar es Salaam” au “Mombasa”, umejua gharama moja ambayo muuzaji hakuitaja.

Gharama isiyoandikwa kwenye kioo

Kipimo cha kiwanda barani Ulaya kwa Mustang GT ya gia za mkono kilikuwa lita 13.5 kwa kilomita 100, na kipimo cha maabara mara nyingi huwa cha upole. Kwenda Tanga na kurudi Horohoro ni kilomita 130, yaani lita 17 na nusu. Gari dogo linalotumia lita 7 kwa kilomita 100 litatumia lita 9. Ukisafiri mara tatu kwa wiki, tofauti ni lita 25 kila wiki, na kwa mwaka inazidi lita 1,300. Zidisha kwa bei kikomo ya petroli ya mwezi huu iliyotangazwa na EWURA kwa mkoa wa Tanga, utapata fedha halisi. Tafadhali fanya hesabu hiyo kwa kalamu. Kichwani huwa ndogo.

Tangu mwaka wa fedha 2017/18 ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa na badala yake tozo ikaongezwa kwenye mafuta. Watu waliishangilia, nasi hatuwalaumu. Lakini maana yake ni kwamba anayechoma mafuta mengi ndiye anayelipa zaidi, kidogo kidogo, kila anapojaza tangi.

Ubora wa petroli nao una uzito. Injini ya STI ya soko la Japani ilibuniwa kwa petroli ya daraja la juu, ambayo kwa viwango vya nchi hiyo ina okteni isiyopungua 96. Uliza kituoni okteni ya petroli unayouziwa. Petroli ya okteni ndogo katika injini ya tabo inayokanyagwa sana husababisha mlipuko wa mapema ndani ya silinda, na sauti yake, kama kokoto ndani ya kopo, ni ya fedha inayoondoka. Uliza pia mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Katika injini hizi hubadilishwa takriban kila kilomita 100,000, na ukikatika injini huharibika papo hapo.

Kwa anayeagiza kutoka nje, kodi hupanda pamoja na ukubwa wa injini na umri. Kwa viwango vilivyozoeleka miaka ya karibuni, ushuru wa bidhaa kwa gari la kati ya cc 1,000 na 2,000 ni asilimia 5, na linalozidi cc 2,000 ni asilimia 10. Gari la abiria lenye umri wa miaka 10 au zaidi huongezewa asilimia 30 kwa uchakavu. STI ya mwaka 2005 hunusurika katika kipengele cha kwanza na kunaswa katika cha pili. Kwa kuwa viwango hubadilika na Sheria ya Fedha ya kila mwaka, tumia kikokotoo cha magari yaliyotumika kilichopo kwenye tovuti ya TRA siku ileile unayotaka kutuma fedha, si karatasi aliyokupa dalali mwaka jana.

Bima ndogo inakulinda dhidi ya madai ya mtu mwingine tu. Gari la nguvu likiteketea au likipinduka, mwenye bima ndogo huzika peke yake. Ukikata bima kubwa, mweleze kampuni ya bima kwa maandishi kila kilichobadilishwa kwenye injini, ekzosi na programu ya kuongeza nguvu. Mabadiliko yaliyofichwa ni sababu rahisi ya kukataliwa fidia.

Kujua unachokinunua

Turudi kwa kijana wetu wa duka. Angeokolewa na herufi tatu. Kwenye namba ya chesisi ya Impreza ya kizazi hicho, STI huanza na GDB na WRX ya kawaida huanza na GDA. Gari lake lilianza na GD3, ambayo ni Impreza ya lita 1.5. Nembo hununuliwa dukani; namba ya chesisi haibandikwi kwa gundi. Isome mwenyewe kwenye chuma, ilinganishe na kadi ya gari, na herufi moja ikitofautiana usiendelee.

Gari lililotoka Japani huwa na cheti cha kuondolewa usajili kwa ajili ya kuuzwa nje, na humo huandikwa kilomita zilizosomwa katika ukaguzi wa huko. Kikiwa kinasema 148,000 na dashibodi inasema 76,000, mita imerudishwa nyuma. Muuzaji akisema cheti kimepotea, bei yake nayo ishuke, au wewe uondoke.

Mpakani kuna hatari ya pekee. Horohoro na Lunga Lunga ni kituo cha huduma za pamoja, na magari yenye namba za Kenya hupita kila saa. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka minane, kwa hiyo ya huko mara nyingi ni mapya kiasi na yanavutia. Lakini gari lililoingia Tanzania kwa kibali cha muda haliwezi kuwa lako kwa kukabidhiwa funguo na kitabu cha Kenya. Mpaka lipitie forodha, lilipiwe kodi Tanzania na lisajiliwe kwa jina lako, linaweza kukamatwa likiwa uani kwako. Kwa gari lenye namba za Tanzania, hakikisha uhamisho wa umiliki unafanyika TRA, na uangalie kwa namba ya gari kama lina faini za barabarani zisizolipwa. Magari ya kasi huwa nazo.

Mpeleke fundi wako, si wa muuzaji. Injini iwe imepoa mnapofika, ili muone moshi wa kuwaka kwa kwanza: wa bluu ni oili inayoungua, na kwenye gari la tabo huweza kuashiria tabo iliyochoka. Jaribu breki mara tano mfululizo kutoka mwendo wa 80 mahali salama. Breki zikilegea mara ya tatu, gari hilo lina nguvu ya kwenda kuliko ya kusimama.

Mkataba uandike aina kamili, modeli, mwaka wa kutengenezwa, namba ya chesisi na ya injini, ukubwa wa injini, kilomita, na kila ahadi uliyopewa kwa mdomo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, hata muuzaji akiwa mtu binafsi. Sharti la ubora, kwa upande mwingine, linambana hasa anayeuza magari kama biashara yake. Ukinunua kwa jirani, kagua zaidi. Mfanyabiashara anayepotosha wateja huangukia pia kwenye Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Ikiwa umedanganywa, usilifanyie gari marekebisho kwanza. Lipige picha, pata maelezo ya fundi kwa maandishi yenye tarehe, na umwandikie muuzaji ukitaja tofauti iliyopo na unachodai. Asipojibu, wasilisha malalamiko Tume ya Ushindani ukiambatisha mkataba, risiti, tangazo la mauzo, nakala ya kadi ya gari na ujumbe wote mliotumiana kwa simu. Kijana wa duka alikuwa amefuta tangazo aliloliona mtandaoni, lakini dada yake alikuwa amelipiga picha siku ileile ili aioneshe familia. Kwenye picha hiyo maneno “WRX STI” yanasomeka wazi, na ndiyo ushahidi anaoutegemea mpaka sasa.